Orodha ya Mlangoni

Nyawira, nimekupigia simu juu jirani yangu Tabby wa hapa ploti anaambia kila mtu ati leo kwa baraza alinitetea. Ati aliniokoa na aibu. Wacha nikuambie vile ilikuwa.

Kuna afisa alikuja kutueleza sheria inapangwa, kila mtu mwenye kitambulisho aandikwe mpiga kura bila kuulizwa. Serikali ijaze yenyewe jina na mahali unaishi. Watu wakapiga makofi.

Unajua mimi hunyamaza. Leo nikainua mkono. Nikauliza, si orodha ya wapiga kura hubandikwa kwa mlango wa shule kila mtu asome? Na mwenye hataki kuonekana?

Afisa akaniangalia. "Kwani mama umeua nani?"

Baraza yote ikacheka. Umeua nani, Nyawira. Mimi.

Miaka mitatu sijajiandikisha kwa sababu ya hiyo orodha, na huyu anataka kuniandika nikiwa nimelala.

Halafu Tabby akasimama. "Msimcheke, amejificha asipatwe na bwana yake, Gicheru wa Kiriaini, yule alimvunja mkono." Akataja jina langu lote, mbele ya wamama wa ndizi wenye huenda soko ya Kiriaini kila wiki.

Ati kunitetea. Serikali haijaniandika bado, Tabby ameshanisoma kwa sauti.

Wewe uko hapo Kiriaini. Tafadhali pita kwa duka ya kinyozi ya Gicheru uone kama imefunguliwa. Kama imefungwa, basi ameanza kuja huku; niambie saa hii, nitoke na watoto.

Nyawira?