Kisogo cha Mwezi

Jumatatu, 18 Mei

Fizikia inafutwa. Mkuu wa shule ametangaza asubuhi mstarini, kwa sauti ileile anayotangazia kwamba soksi ziwe nyeupe. Wasipopatikana wanafunzi kumi Jumamosi, siku ya wazazi, mwalimu wetu atahamishwa nasi tutasoma biashara. Mzazi ndiye anayetia sahihi. Tuko wanne tu!

Mwalimu wa fizikia ameniita. Nitapewa dakika chache niwaeleze wazazi jambo moja la anga, walionje somo. Nimechagua: kwa nini hatuoni kisogo cha mwezi.

"Usiwahutubie," aliniambia. "Watembeze."

Jumanne, 19 Mei

Nimemjaribia Mama. Alikuwa kwenye cherehani, anashona kola. Nikamwambia yeye ndiye dunia, mimi mwezi. Akacheka — dunia gani hii yenye pini mdomoni? Nikamzunguka nikimtazama usoni, naye akigeuka nami kwenye stuli, mpaka nikarudi nilipoanzia.

"Umeona kisogo changu, Mama?"

"Sijakiona."

"Je, nimejizungusha?"

"Wapi! Umenizunguka tu."

Kila mtu hujibu hivyo. Kumbe nimejizungusha mara moja kamili! Nilianza nikitazama dirisha, kisha kabati, kisha mlango, kisha kalenda, kisha dirisha tena. Nisingejizungusha, ningetazama dirisha muda wote, na nikifika upande wa pili Mama angeona kisogo. Mwezi nao ndivyo: unajizungusha mara moja kila unapotuzunguka mara moja. Ndiyo maana uso ni uleule.

Nikamwomba azunguke yeye, aone mwenyewe. Akasema, mwanangu, kola hizi zinachukuliwa kesho. Hakuinuka. Baadaye akaniuliza kwa upole, kwani biashara ina ubaya gani?

Alhamisi, 21 Mei

Redio amejitoa. (Tunamwita Redio kwa sababu hazimiki.) Baba yake amesema fizikia inaua alama. Ndiye aliyekuwa akae kitini, awe dunia yangu. Alilia. Mimi sikulia. Tumebaki watatu.

Nilipita maabara. Mwalimu alikuwa anazifunga lenzi kwa magazeti. Nikamuuliza, mbona mapema? Akasema anazipangusa vumbi tu.

Lenzi haipanguswi kwa gazeti, inakwaruzika. Yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Ijumaa, 22 Mei

Mama hana hakika kama atakuja kesho. Sare za watu hazijaisha.

Jumamosi, 23 Mei

Naandikia hapahapa ukumbini, nyuma ya meza ya fizikia. Hakuna mzazi anayekuja kutia sahihi, kwa hiyo nafasi ninayo.

Nimeharibu. Mwalimu alikaa kitini katikati ya ukumbi, nikamzunguka. Nikauliza kama nimejizungusha. "Wapi!" wakaitikia wote. Hapo ndipo ningewaambia wainuke wajaribu. Nikaogopa. Nikahutubia! Mhimili, mzunguko, uvutano — yote niliyokariri. Baba mmoja mwenye kofia akasema, "Binti, huo mwezi unalika?" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mkuu wa shule pia. Dakika zikaisha.

Sasa foleni ya meza ya biashara imefika mlangoni. Redio yumo na baba yake, haniangalii. Mwalimu ametoka nje. Dirishani nauona mwezi, nusu, mweupe, mchana huu wote. Nao hakuna anayeuangalia.

Mama amekuja! Bado ana uzi begani. Afadhali hakuniona nikichekwa. Amenipungia mkono — ameingia foleni ya biashara.

Basi. Sitamlaumu.

Ametoka kwenye foleni. Amesimama mbele ya kile kiti, hakuna aliyekiondoa. Anakizunguka! Polepole, mkoba kwapani, uso kwenye kiti. Watu wanamtazama. Baba mwenye kofia anamuuliza, "Mama, umeangusha nini?" Kila hatua chache anainua macho: jukwaa, dirisha, ubao wa matangazo. Midomo yake inacheza, kama anapohesabu vifungo.

Hata akija kwangu tutakuwa walewale watatu. Najua. Magazeti nayo yalikuwa mengi kule maabara.

Mkuu wa shule anapiga makofi, anasema meza zinafungwa, wazazi wamalizie. Mama hajageuka. Sasa anatazama mlango. Imebaki robo tu afike alipoanzia, na mimi nimeshika kalamu ya kutia sahihi, nimeinuka —