Farasi wa Baba

Jumamosi, jioni. Joto la leo halikuwa na adabu. Mikono yangu inanuka samaki, na leo sikupika wala kula samaki.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya hukumu ya gari la baba, lile jeupe lenye turbo alilotuachia mimi na kaka Salum. Salum anataka tuliuze, mimi sitaki hata kusikia. Tukakubaliana lipimwe nguvu tena, na likionekana limechoka, liende. Baba alilipima gereji moja ya Ilala, likatoa nguvu za farasi 240, na kila mgeni aliambiwa namba hiyo kabla hajaletewa chai.

Gereji ile imefungwa, kwa hiyo tukaenda nyingine, nyuma ya maduka ya spea Kariakoo. Mashine ya Ilala ilikuwa na mapipa ya chuma, matairi yanazunguka juu yake. Hapa matairi yanavuliwa kabisa, na mashine inafungwa palepale yalipokuwa. Gari likanguruma mpaka kifua changu kikatetemeka.

Namba ikatokea: 192.

Nilitaka kulia, na nadhani nililia kidogo.

"Injini ndo imeisha hiyo, mdogo wangu," Salum akasema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma zaidi.

Fundi akasema tusiwe na haraka. Mashine ya Ilala, alituambia, ilikuwa inajumlisha yenyewe nguvu inayopotea njiani kutoka injini hadi matairini. Yake inasema kile kinachofika tu. Akapiga hesabu. Bado ikapelea kufika 240.

Hapo ndipo Jignesh, rafiki yake Salum mwenye duka la spea jirani, akaanza kucheka peke yake.

"Dada, mzee alikuwa hapimi gari bila barafu. Mara ngapi nimemwona anashusha kiroba Ilala."

Baba aliuza samaki Feri maisha yake yote. Barafu kwake haikuwa kitu cha kutafuta.

Tukaenda Feri, tukarudi na kiroba kinachovuja. Nikakilaza mwenyewe juu ya kipoza hewa, kile kinachopoza hewa ya turbo kabla haijaingia kwenye injini, chini ya tundu la boneti, maji yenye harufu ya samaki changu yakinichuruzika hadi viwikoni. Fundi akasubiri kipoe vizuri, akakanyaga mafuta.

205. Akajumlisha zile za njiani, ikaja 240 ya baba, pengine na moja juu.

Sikujua kwamba hewa hii ninayovuta kila siku bila kuifikiria, ikipoa kidogo, inazaa farasi. Injini ni ileile, mchana ni uleule, na namba zote tatu ni za kweli. Mpaka sasa naandika na bado nashangaa, na pia namshangaa baba, mtu wa samaki ambaye hakuwahi kufungua injini, alijuaje.

Kurudi nyumbani aliendesha Salum. Hakuniomba ufunguo, alinyoosha mkono tu. Habari ya kuuza hakuigusa tena.

Jioni hii shangazi amekuja kutusalimia. Nilikuwa jikoni, maji ya chai hata hayajachemka, nikamsikia Salum sebuleni akimwambia, "Shangazi, lile gari lina farasi mia mbili na arobaini."

Barafu hakuitaja. Nami sitaitaja.