Mpira Chini ya Sinki Langu

Shoga, acha unachofanya unisome.

Mjukuu wangu, huyu niliyemlea mimi, leo kaleta wanafunzi wake kwangu. Si unajua anafundisha wasimamizi wa majengo mambo ya matengenezo? Nikapiga deki, nikapanga viti.

Kumbe somo ni mimi.

Akawapeleka jikoni, akainama chini ya sinki, akawaonyesha bomba lililofungwa mpira wa baiskeli. "Hivi ndivyo wapangaji wanavyoharibu jengo. Badala ya kuita fundi, wanafungafunga tu."

Wapangaji. Mimi bibi yake, leo ni mpangaji.

Na ule mpira kaufunga yeye. Yeye, shoga, wewe ndiye uliyemshikia tochi. Siku ile akasema, "Bibi usihangaike, fundi nitamleta mwenyewe." Nikangoja. Unanijua, mimi si mtu wa kulalamika.

Mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa adabu, "Bibi, nani alifunga hivi?" Mjukuu wangu akatazama sakafu.

Nikasema ni mimi.

Wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao.

Sasa hivi kaniandikia, "Asante bibi kwa kunistiri." Fundi hakumtaja.

Nimeweka ndoo chini ya sinki, maana wameushikashika ule mpira mpaka umelegea.