Kabureta ya Lori kwenye Moris

Baba Mwanaidi,

Uji umefunikwa jikoni. Mwanaidi yuko kwa Bi Somoe, usimfuate.

Nilikwambia jana: injini ya Moris umeifungua yote, umeitia pistoni mpya, lakini bado ni ya gari dogo. Ukanicheka: "Mama Mwanaidi, kabureta kubwa ndiyo inavuta!" Ukaifunga ya lori. Haya, asubuhi imevuta! Imebugia petroli kama mlevi wa uraka, ikatapika moshi mweusi, ikazimika hapo mlangoni, na sisi tulikuwa tunamfuata mama yangu kule Madimba tumlete hospitali.

Ulipotoka tu kwenda Chuno kutafuta kabureta ndogo, Chilumba, jirani yake mama, akafika na baiskeli. Mama ametutoka, mume wangu. Anazikwa adhuhuri. Chilumba ananipakia, naondoka sasa hivi.

~~Wewe usije, baki na Moris yako.~~

Njoo. Kabureta iache hata kama umeipata, azima baiskeli. Kanzu iko sandukuni. Mama hakuzaa wa kiume, na ndugu zake wamekwisha. Nawa hiyo grisi mpaka kwenye kucha, maana ni wewe mkwewe utakayeshuka kaburini kumpokea.

Mama Mwanaidi