Kompyuta Ilisema Hajaguswa

Nekesa rafiki yangu,

Huku Eldoret mvua imeanza, na mimi nina habari ambayo sijui nimwambie nani kama si wewe.

Unakumbuka kule kambini tulikokimbilia baada ya fujo za kura, nyumba zetu za mtaa wa Huruma zikiwa zimechomwa? Wengine wanapanga foleni ya maji, wewe unaokota makaa na kuchora kwenye maboksi ya msaada. Nikakuuliza mbona unachora nyumba zilizoungua, si uchore hata maua. Ukanijibu, "Achieng, maua hayajanifanyia kitu." Aki wewe!

Ulipotuacha, mamako alinipa ile michoro niitunze. Sasa niko chuoni, nasomea kompyuta. Natafiti jinsi watu wanavyoguswa na sanaa. Mtu anatazama mchoro, kamera inasoma uso wake, saa aliyovaa inapima mapigo ya moyo, halafu programu inakisia: huzuni, furaha, hasira. Najua ungenicheka.

Wiki mbili zilizopita nilitundika michoro yako kwenye ukumbi wa kanisa, hapa mtaa wa Pioneer. Akaja Mama Jepkosgei, mkulima wa Chepsaita. Alisimama mbele ya ule wa sufuria iliyobaki mekoni, nyumba yenyewe imekwisha. Uso mkavu kabisa. Kompyuta ikaufuata uso, ikaandika: hajaguswa. Lakini moyo wake ulikuwa unaenda mbio mpaka nikadhani saa imeharibika.

Nikaacha mashine, nikamwendea. "Mama, unaona nini hapo?"

Akauonyesha kwa kidole. "Naona kwa Rose, jirani yangu. Tulikuwa tunakamua ng'ombe pamoja. Siku ile alitoroka na watoto, hata hatukuagana. Mpaka leo naogopa kuuliza kama walifika."

Akataka kukuona wewe uliyechora. Nikamwambia ulishaaga dunia. Akakaa chini, akalia, na mimi nikakaa kando yake. Nekesa, si tulikuwa tunasema majirani waliobaki walitusahau? Kumbe hawakutusahau.

Pasta wa kanisa hilo akaulizia huku na huku. Rose yuko Bungoma, mzima, na watoto wake wote! Jana Mama Jepkosgei alinipigia akicheka kama msichana. Eti Rose alimgombeza kwanza kwa kukaa kimya miaka yote hiyo, halafu akauliza habari za ng'ombe, mmoja mmoja kwa jina. Atakuja Krismasi.

Msimamizi wangu chuoni naye amekubali. Hatutaamini mashine peke yake tena. Kila anayetazama ataulizwa pia, na atasikilizwa mpaka amalize.

Natamani ungekuwepo. Hilo halijapungua hata kidogo.

Pumzika, dada yangu. Nakuahidi, michoro yako ikitoka hapa inaenda Chepsaita, na chini ya kila mmoja nitaandika jina lako kwa herufi kubwa, ili watu wajue ni nani wa kumshukuru.

Wako,
Achieng