Pikipiki Yenye Kuzimika Ngomo

Bukavu, Kadutu, tarehe 14 mwezi wa tatu 1979

Kwa mutoto wangu mupenzi Honoré, kule Lubumbashi,

Nakusalimia sana, wewe na bibi yako Monique na watoto. Afya iko namna gani? Ile kikohozi ya mutoto mudogo iliisha? Musimuoshe na maji baridi asubuhi. Sisi huku tuko, tunapumua. Mvua inanyesha kila siku, udongo ya nyuma ya nyumba imeanza tena kuteremuka, lakini nyumba ingali inasimama. Naandika kwa mukono yangu mwenyewe. Georgette, dada yako, alitaka kuniandikia, nilimukatalia. Unajua masomo yangu iliishia mwaka ya tatu kwa masista, basi soma polepole.

Uliniuliza kwa nini mudogo yako Firmin hakujibu barua zako, na kama pikipiki ya papa yako ingali inatembea. Hizo maulizo mbili jibu yake ni moja.

Papa yako alipokufa, pikipiki ilibaki miaka mine chini ya bashi, ile turubai. Firmin ndiye aliiamusha, na juu ya hiyo pikipiki alipata kazi kwa mununuzi wa kahawa, kupeleka makaratasi na sampuli mupaka Kamanyola. Directeur alimuambia wazi kama kazi ni ya pikipiki, yeye Firmin ni mutu wa kuikalia tu. Siku pikipiki inakataa, kazi nayo imekwisha. Tulicheka siku ile. Lakini Kamanyola ni kupita Ngomo, na wewe unajua ile mulima, barabara nyembamba na shimo chini. Camion ngapi zimelala mule.

Mwezi wa kumi pikipiki ilianza ugonjwa. Mu muji inatembea muzuri, ikifika kwenye kupanda Ngomo inakohoa, inazimika. Firmin alitoa buji, ile kitu yenye inatoa cheche, akaishikisha ku chuma ya moteri, akapiga pedali. Alisema cheche iko nyekundu na zaifu. Akasugua platine, vile vyuma vidogo vya kugusana, na karatasi ya musasa, akapima nafasi yake na wembe. Cheche ikakuwa ya bluu. Alifurahi, akala sahani mbili. Siku ya tatu akarudi anaisukuma, viatu vimejaa matope.

Akaipeleka kwa Lucien, ule fundi wa pale chini ya soko. Lucien alimuambia kama hii pikipiki iko na tabia ya mufanyakazi wa leta, wa serikali: asubuhi inaripoti, saa ine imeshaenda kwake. Akasema ni bobini, ile yenye kutumia buji nguvu ya cheche, ikipata moto inakufa, ikipoa inafufuka. Firmin aliagiza ingine Bujumbura, tukangoja. Wakaiweka. Ikazimika pale pale.

Ndipo Lucien alimufundisha Firmin kama pikipiki ikizimika, atoe buji palepale kabla ya kukasirika. Ikiwa kavu, esansi, ile petroli, haifike. Ikiwa imelowana, esansi inafika lakini cheche haiishike. Firmin alirudi akasema iko imelowana, lakini alinusa kidole chake na hakusikia harufu ya esansi. Lucien alichukua bisibisi. Akafungua karbirateri, akamwanga yenye ilikuwa ndani mu kilauri. Esansi ikakaa juu, na chini maji, safi kabisa, kama ya kunywa.

Wakasafisha yote, tanki, mipira, karbirateri. Pikipiki ikatembea wiki moja yote. Siku ya kazi ya kwanza, wiki yenye kufuata, maji tena. Firmin akasema ni mvua, akakata mupira ya pneu akafunga kifuniko ya tanki. Maji tena. Akaacha kununua esansi kwa mama mwenye kuiuzisha mu chupa, akaenda kununua ku pompe. Maji tena. Lucien akamuambia kama maji ya namna hii haianguke mbinguni, iko mukono ya mutu.

Ule mutu, Firmin alimupata haraka. Unamukumbuka Gérard wa Kasha, mulisoma naye. Yeye alikuwa anachunga funguo ya depo mule pikipiki ilikuwa inalala siku za kazi, na alikuwa na mudogo yake asiye na kazi, mwenye angechukua ya Firmin. Alikuwa anamutania Firmin kila jioni, anamuuliza kama leo nani alimubeba mwenzake. Siku moja Firmin hakucheka. Alimupiga na ufunguo kubwa ya kufungulia magurudumu, mara tatu, Gérard analia, anasema hajagusa kitu, anaapa kwa kichwa ya mama yake. Mukono ukavunjika pa mahali pawili. Directeur alifukuza Firmin siku ile ile. Mbele askari wamufikie, alienda Shabunda kuchimba zahabu.

Mu mwezi wa kwanza nilifika Kasha. Mukono ya Gérard ulipona vibaya, haushike tena kalamu, na kazi wamepatia mwengine. Mama yake alinipa kiti na chai. Gérard mwenyewe aliniuliza kama Firmin iko na afya. Nilikunywa ile chai yote, nikaaga.

Sasa, mutoto wangu. Ile maji ni mimi.

Toka mwezi wa kumi, kila siku ya Mungu nilikuwa naleta chupa ya maji ya baraka toka ku misa. Asubuhi ya kwanza ya wiki, Firmin akikula buyi yake, pikipiki imelala kwetu, nilifungua tanki nikatia kidogo na kuomba Ngomo isimumeze. Aliposema maji inapatikana ndani, nilijua kweli kuko mutu anatia maji mubaya, basi nikazidisha yangu ishinde yake. Roho yangu haikuniambia kitu. Kisha Firmin kuondoka, Lucien alikuja kumwanga tanki isipate kutu, nikamuuliza, kama naulizia mwengine, kama maji ya padri nayo inazama. Alicheka, akasema maji haina dini. Hiyo ilikuwa kabla niende Kasha. Nilikunywa chai yao nikiwa najua.

Firmin nilimutumia habari na shofere wa camion. Ule shofere alirudisha barua, haijafunguliwa. Anasema watu wa ile kambi ya zahabu waliingia mbele zaidi mu pori na hakuna anayejua njia gani. Sitegemee tena. Lakini Gérard iko Kasha, saa moja ya miguu, na toka ile chai, mara tatu nimetoka na kurudilia njiani.

Ukimaliza kusoma, weka hii barua mu anvelopi ingine, andika jina ya Gérard na Kasha, Bagira, uitume. Ndiyo sababu nimeandika majina yote wazi. Yeye anasoma muzuri kunipita.

Monique umusalimie, watoto uwabusu. Georgette anakusalimia, hajue kitu. Mungu awachunge huko.

Ni mimi mama yako,
Domitille M'Cirhuza