Taa ya Kumwita Nesi

Mama Oswadi, mke wangu,

Huko uliko usianze kucheka kabla sijamaliza. Najua utasema, "Baba Oswadi, wewe kalamu umeishikia wapi? Si ulimkimbia mwalimu ukaenda kuvua?" Kweli nilikimbia. Lakini nilikimbia vizuri, kijiji kizima cha Lundo hakuna aliyenikamata.

Nakumbuka miezi ile ya kansa. Mchana tulikuwa matajiri. Nesi anakuja na pikipiki yake, anakupa ile dawa ya maji ya maumivu, unalala kama mtoto aliyeshiba. Tabu ilikuwa usiku. Maumivu yako hayakusoma kama mimi, hayakujua kwamba zahanati inafungwa jioni. Nesi alituambia tumpigie saa yoyote, ila nyumbani kwetu mtandao haushiki. Unashika huko ziwani, wavuvi wanakovua usiku kwa taa wale dagaa wetu, usipa. Na kukuacha peke yako nimfuate kwa miguu nyuma ya mlima, sikuweza.

Ndipo nikatoa akili yangu kubwa. Nikawaambia wavuvi, mkiona taa imening'inia mlangoni kwangu, mpigieni nesi. Ukasema, "Akili yako hiyo? Si mimi nimesema juzi?" Haya, ulisema wewe. Lakini taa niliitundika mimi.

Ukianza kuuma shuka, natundika. Mtu huko majini anapiga simu, na sisi tunatega sikio tusikie mlio wa pikipiki ikishuka mlima. Unanishika mkono, "Nidanganye kidogo." Nakupa ile ya mamba niliyemvuta mkia. Unasema, "Kenge yule." Hata na maumivu yale hukuniachia, mpaka nesi anaingia anatukuta bado tunabishana.

Ila mbalamwezi ikiwaka usipa hawaji kwenye taa, wavuvi wanalala makwao. Natundika, hakuna wa kuona. Nakuhadithia mpaka kunakucha, mamba wanakuwa wawili, wanakuwa saba, na wewe huna hata nguvu ya kubisha. Watu wanausifia mwezi. Mimi mpaka leo nikiuona naupa mgongo.

Sasa sikia. Juzi giza limeingia, nikatundika taa mlangoni nishone wavu. Mkono tu umezoea. Kidogo nasikia pikipiki. Nesi huyo, amelowa mvua chapachapa, mfuko begani.

"Shikamoo babu. Wavuvi wamenipigia. Nani anaumwa?"

Nikaweka wavu chini. Nikasema, "Mimi."

"Wapi, babu?"

Nikamwonyesha kigoda chako, kitupu.

Mfuko hakuufungua. Akavuta mkeka, akakaa karibu yangu. Tukasikiliza mvua. Halafu akasema, "Haya babu, nisimulie yule mamba."

Mama Oswadi, nikamwambia alikuwa kenge.

Umefurahi? Basi lala, usiwatangazie wenzako.

Ni mimi mumeo, mwongo wako,
Baba Oswadi